Akiba ya Machela

Tangu Jumatatu simu ya Tumwesigye ilikuwa haipatikani, na ilipofika Alhamisi Auleria akawa hali wala halali. Anapiga, yule dada wa mtandao anamjibu kwa adabu ile ile kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa. Anakwenda kuangalia maharage jikoni, anarudi, anapiga tena. Ungedhani dada yule naye angechoka. Hakuchoka.

Jumapili, baada ya misa ya pili, kikundi cha machela kingekaa mkutano wake wa mwaka. Mweka hazina angesimama mbele ya watu, afungue sanduku na kuonyesha akiba. Mweka hazina ni Auleria. Na ndani ya sanduku, tangu mwezi wa kumi mwaka jana, hamkuwa na akiba. Mlikuwa na elfu kumi na nane na picha ya Bikira Maria.

Kijijini Kituntu kuna nyumba nyingi ambazo gari halizifikii hata dereva awe kichaa. Mtu akizidiwa huko juu kwenye migomba, watu hukusanyika, humlaza kwenye machela, ile ambayo wazee bado wanaiita engozi, wakamshusha mabegani mpaka barabarani. Hakuna anayelipwa kwa kubeba. Lakini pale barabarani husubiri gari la kukodi la kumfikisha hospitali, na gari la kukodi haliendi kwa sala. Ndiyo kazi ya akiba. Kila mwanakikundi hutoa elfu mbili kwa mwezi, na fedha ikishaingia sandukuni ina matumizi mamoja tu, gari la mgonjwa. Siku ya mkutano isipungue laki sita. Walikubaliana hivyo siku ya kwanza, na aliyepaza sauti kuliko wote kwamba sharti hilo liandikwe alikuwa Auleria.

Sanduku lilikuwa na kufuli mbili. Ufunguo wa pili ulikuwa wa mwenyekiti, Novatus, mtu mwema aliyepoteza funguo tatu katika mwaka mmoja, hata mwenyewe akachoka na kumwambia Auleria, "Kaa nazo zote, Mama Mackrine. Wewe ukiiba, basi na padri anaiba." Watu wakacheka. Auleria naye alicheka.

Ilikuwaje basi mwanamke huyo akaitoa akiba yote? Si tamaa. Ni woga. Mwezi wa kumi watu hawana kitu, kahawa ndiyo kwanza inatoa maua, na michango ilikuwa imekauka. Mafuta yamepanda, madereva wamepandisha, na Auleria alikuwa amepiga hesabu akaona kwamba wagonjwa watano tu wangeimaliza laki sita yote. Mwingine angeitisha mkutano aseme, jamani, tunazama. Yeye aliona aibu. Aliona watasema kazi imemshinda.

Ndipo Tumwesigye akaja na maneno yake ya butura. Butura ni kununua kahawa ya mtu ikiwa bado ua mtini. Mwenye shamba amebanwa na shida, unampa kidogo leo, na kahawa ikiiva inakuwa yako. Serikali imeipiga marufuku, padri anaikemea madhabahuni, na kila mwaka maua yananunuliwa.

"Laki sita zitarudi mara mbili kabla ya mkutano wenu," Tumwesigye alimwambia. Alikuwa dalali, mtu wa kwenda na kurudi Murongo, kule mpakani, mwenye viatu vinavyong'aa hata masika. "Mimi najua pa kuiuza."

"Shamba la nani?"

"La mtu mwenye shida zake. Wewe jina la nini?"

Auleria hakuuliza tena. Hapo alistahili kofi, na hapakuwa na mtu wa kumpiga.

Na kilichofanya jambo lenyewe liwe baya zaidi ni kwamba siku chache tu kabla ya hapo alikuwa amemnyima mtu akiba hiyo hiyo. Kijana Niyitegeka alikuwa ameanguka kutoka juu ya mparachichi akavunjika paja. Kikundi kilimbeba, kikamlipia gari, hapo kazi yake ikaisha. Hospitali ikataka fedha ya upasuaji. Mama yake, Nyirabageni, mjane ambaye wazazi wake walivuka kutoka Rwanda zamani wakiwa na ng'ombe wawili, alikuja mbele ya viongozi kuomba akopeshwe laki nne. Hakulia wala hakupiga magoti. Aliomba tu. Novatus aliangalia pembeni, na Auleria ndiye aliyejibu.

"Mama, utusamehe. Akiba ni ya gari la mgonjwa tu. Leo tukikukopesha wewe, kesho tutamkatalia nani?"

"Nimeelewa, mwana wanjye," bibi alisema, akimwita mwanangu kwa lugha ya kwao, akaaga.

Baadaye walisikia kijana amepasuliwa. Watu wakasema Mungu ni mkubwa, na Auleria akashukuru kuliko wote, kwa kuwa dhamiri yake ilikuwa imeanza kumwasha.

Miezi iliyofuata haikuwa maisha. Mbwa akibweka, anashtuka. Mtu akikohoa kanisani, anageuka kuangalia ni kikohozi cha aina gani. Alikuwa mtu wa kuwapenda wajawazito. Sasa akimwona mwenye tumbo njiani moyo unamwenda mbio, anajikuta anahesabu miezi ya mke wa mtu. Mwezi wa tatu, mchana wa jua kali, wakaja mbio kumwambia kwamba mke wa Aimable uchungu umemkaba, machela imeshaondoka, gari liitwe. Auleria akasema, "Sawa, naleta hela," akapita mlango wa nyuma, akamfungua mbuzi wake jike mwenye mimba, akampeleka kwa mchinjaji wa njia panda na kuchukua alichopewa bila kubishana. Mtoto alizaliwa salama, wa kiume. Mume wa Auleria, ambaye alikuwa akichunga ng'ombe wa watu huko Rugera na kurudi mwisho wa mwezi, aliuliza mbuzi yuko wapi. Akaambiwa amekufa kwa kuvimba tumbo. Na yule mwanaume, Mungu amsaidie, akauliza nyama iko wapi.

Kwa hiyo Alhamisi ile, simu ya dalali ikiwa imekufa na mkutano umebaki siku tatu, Auleria hakuwa tena na mbuzi wa kuuza. Kahawa ilikuwa imevunwa, imeanikwa, imepakiwa kwenye magunia. Hilo Tumwesigye alikuwa amemwambia kabla hajapotea. Labda amekamatwa mpakani. Labda amevuka na asirudi. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na alfajiri ya Ijumaa akajifunga kitenge, akamwambia jirani kwamba anakwenda kumwona mgonjwa, akapanda gari la kwenda Murongo. Njiani aliwaza mambo mawili tu. La kwanza, atasema nini Jumapili. La pili, Mackrine, binti yake aliye sekondari, atapitaje mbele ya wenzake mama yake akiitwa mwizi wa hela za wagonjwa.

Murongo ni malori, forodha, na vijana wa bodaboda wanaokuita shangazi kabla hujawajua. Alimuuliza wa kwanza kama anamfahamu Tumwesigye. Kijana alimtazama, akatazama pikipiki yake, akasema hamfahamu. Wa pili vilevile. Wa tatu aliuliza, "Anakudai au unamdai?" kisha akacheka, akasema akae pale kwa mama chai, mtu wake atapita.

Akakaa. Chai ikapoa na kuota utando. Kila mwanaume mwenye viatu safi aliyetokea upande wa daraja alimfanya anyanyuke nusu, kisha akae tena. Mama chai alimwuliza kama anaumwa tumbo. Akajibu ndiyo, na haukuwa uongo mtupu. Jua lilikuwa limeanza kupinda alipomwona Tumwesigye anakuja anatembea taratibu, anakula muwa, mtu asiye na shida duniani.

"Dada Auleria! Umenifuata mpaka huku?"

"Simu yako!"

"Imetumbukia majini. Ningekuja kesho, mbona." Akaangalia huku na huku, akamvuta nyuma ya kibanda, akatoa bahasha kwenye koti. "Milioni moja na laki mbili. Nilikuambia mara mbili, sikukuambia?"

Auleria alizihesabu, akakosea, akaanza upya. Zilikuwa zimetimia. Machozi yakamtoka hapo hapo, na kicheko nacho kikamtoka, akawa anafanya vyote viwili. Miezi yote ile, kumbe mambo yangeisha salama! Kwa furaha ile isiyo na akili akampigia Novatus papo hapo. Akamwambia kwamba alikuwa amezungusha akiba kwenye biashara ya maharage, asimkasirikie, imerudi mara mbili. Novatus akapiga ukelele mpaka simu ikakwaruza.

"Umeona?" alisema Tumwesigye. "Na kahawa yenyewe safi. Yule bibi ana mkono. Ameichuma mwenyewe, ameianika mwenyewe, hata jiwe moja hakuna. Mwingine akishakuuzia ua anakuvunia hovyohovyo kwa hasira."

"Bibi gani?"

"Si wa kwenu? Nyirabageni. Mwenye kijana aliyevunjika mguu."

Auleria aliiweka bahasha kifuani. Ilikuwa ya karatasi tu, lakini alihisi kama amejiwekea kaa la moto.

"Ulimpa ngapi?"

"Laki nne. Ndizo alizotaka."

"Mimi nilikupa sita."

"Na mizunguko yangu?" Tumwesigye aliuliza, na kwa sura yake ulijua kwamba ameshangaa kweli.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda, japo barabara ni ile ile. Kila alipofumba macho alimwona bibi anachuma. Kahawa ya kutosha kuezeka nyumba upya, bibi ameitoa kwa laki nne, ili alipie mguu ambao kikundi chake mwenyewe kilikataa kuulipia. Na aliyeinunua ni kikundi hicho hicho, kwa michango ambayo hata elfu mbili mbili za bibi zimo. Angeweza kumpa faida yote kimyakimya. Lakini angesema imetoka wapi? Na Novatus ameshajua kiasi. Kufika Jumamosi asubuhi, kwa jinsi Novatus anavyojua kutunza habari, Kituntu nzima ilikuwa inajua kiasi.

Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya akina mama kupalilia uwanja wa kanisa. Nyirabageni alikuwapo, jembe mkononi, kanga imefifia rangi. Alipomwona Auleria akaacha jembe, akamjia, akamshika mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwana wanjye. Niyitegeka anatembea na fimbo sasa. Jana alifika mpaka kisimani."

"Namshukuru Mungu."

"Na wewe Mungu akuzidishie. Nasikia akiba imezaa."

Walikuwa wawili tu, wenzao wako upande wa pili wa kanisa. Kama kulikuwa na saa ya kusema, ilikuwa hiyo. Auleria alifungua kinywa, akasema majani mwaka huu yameota vibaya sana. Bibi akakubali kwamba yameota vibaya. Wakapalilia bega kwa bega mpaka wenzao walipokuja, na Auleria alijichukia kwa kila jani alilong'oa.

Jumapili watu walijaa. Wapo waliokuwa hawajatoa mchango tangu mwaka jana; nao walikuja mapema wakakaa mbele. Novatus alivaa suti yake ya harusi, akasimama akasimulia habari ya maharage kama vile alikuwepo sokoni yanapouzwa. "Laki sita iliyotoka imerudi milioni moja na laki mbili!" Vigelegele vikapanda. Rozi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, akamvika Auleria taji la majani ya mgomba. Auleria akasimama pale na taji lake, anaangalia mlango.

Kisha Rozi akaomba kusema.

"Jamani, faida ni faida. Akiba ya gari iko palepale, laki sita haijaguswa. Mimi naona tuanze na mwenzetu mmoja. Wote tunajua mama Nyirabageni mwaka huu kahawa hakuipata. Juzijuzi tu tumejua ilikwenda wapi, hatutaki kumwaibisha, shida ni shida. Tumpe elfu themanini, anunue hata mbegu za maharage."

Mikono ikanyanyuka yote, hata ya wadaiwa sugu wa mbele. Novatus akamgeukia mweka hazina. "Mama Mackrine, mkabidhi."

Miguu ilimpeleka, yeye hakuipeleka. Alihesabu noti nane za elfu kumi kumi, akazishika kwa mikono miwili. Nyirabageni alipita katikati ya mabenchi, akafika mbele, akapiga magoti kwa shida kama wanavyopiga magoti mama wa zamani wakipokea kitu kikubwa, akapokea. Akawa haondoki.

"Nataka kusema neno," alisema. "Nimelificha tangu mwaka jana kwa sababu niliambiwa nilifiche. Leo akiba imerudi, nadhani halina madhara tena. Mnanisaidia mara ya pili, ndugu zangu. Mara ya kwanza ni huyu. Nilipoomba mkopo alinikatalia mbele ya watu, kwa sababu sheria ni sheria, nami sikumlaumu. Lakini wiki haikupita akanitumia Tumwesigye na hela za kikundi. Tumwesigye aliniambia, mama usiogope kuuza, anayenunua ni watu wako wenyewe, ni Mama Mackrine. Nikajua ameona njia ya kunisaidia bila kuivunja sheria mbele za watu. Ndiyo maana kahawa ile niliichuma kwa mikono yangu, sikutaka liingie hata jiwe. Mguu wa mwanangu ni wake."

Kisha Rozi akatoa kigelegele kimoja, "Kumbe!" na watu kadhaa wakaanza kupiga makofi. Wengine hawakupiga. Novatus alikuwa amekunja uso kama mtu anayetoa laki nne kwenye milioni moja na laki mbili na kuona jibu halimpendezi. Lakini makofi yalikuwa yanazidi, na Auleria akaelewa kwamba ameokoka. Bibi mwenyewe amemwokoa. Alichotakiwa kufanya ni kuinamisha kichwa kidogo, kwa unyenyekevu, na kuketi. Uongo ule ulikuwa mzuri kuliko yeye, na ulikuwa tayari, wa kuvaa tu.

Akamtazama bibi pale chini. Macho yake yalikuwa yamejaa shukrani, na hilo ndilo lililomshinda.

"Mama," alisema, "mimi sikujua kwamba ni wewe."

Makofi yakafifia.

"Sikukusaidia. Sikumtuma kwako. Niliogopa akiba itaisha, nikanunua maua ya kahawa ili ipate faida. Jina la mwenye shamba sikutaka kulijua. Nimelijua juzi Ijumaa."

Nyirabageni alikuwa bado amepiga magoti.

"Na kama ungejua ni mimi?"

Auleria alitamani kusema mengi. Alilitafuta jibu la kumtuliza bibi, akaliona, akaliacha.

"Ningetafuta maua ya mtu mwingine," alisema.

Nje mtoto wa mtu alikuwa analia, akabembelezwa, akanyamaza. Bibi alizitazama zile noti nane kana kwamba zimebadilika rangi. Rozi alisogea kumshika mkono amwinue, bibi akamzuia. Akashika benchi, akajiinua mwenyewe, goti moja kisha jingine, mpaka akasimama wima mbele ya mweka hazina.

"Basi huu si msaada," alisema. "Ni kahawa yangu." Akazikunja noti, akazifunga kwenye ncha ya kanga, akanyoosha mkono ule ule ukiwa wazi. "Na zilizobaki nihesabie."

Auleria alivua taji, akaliweka mezani, akafungua sanduku, akaanza kuhesabu.